Usife, Muhogo Haujakomaa

Jumatatu, 3 Mei 1971. Koboko

Jua zuri leo. Nimeanika sanda yangu. Kila baada ya miezi kadhaa naitoa sandukuni, naikung'uta, naitandaza kwenye kamba ya ndani ya ua ili wapita njia wasione. Bafta safi, panya hawajaigusa. Kafuri bado inanukia. Marashi yamepungua. Nashuku binti yangu Zuhura aliyaonja alipokuja kutoka Bombo kwa arusi ya binamu yake. Mwanangu, lakini mkono wake mrefu.

Nilipokuwa nakunja, Kiden akatoka chumbani kwake na ungo wa karanga. Ni mpangaji wangu tangu alipovuka mpaka kuingia huku Uganda, akikimbia vita vya Sudani. Mpojulu kwa kabila, Mkristo, hana mtoto aliyebaki. Anasaga karanga kwa jiwe na kuziuza sokoni. Akauliza hiyo nguo ni ya nini. Nikamwambia. Nikaendelea na mengine, maana najivunia. Nafasi yangu iko Arua, makaburi ya Waislamu, ubavuni mwa marehemu mume wangu, aliyekuwa askari. Wazee wanajua, vigingi vipo. Siku yangu ikifika hakuna atakayehangaika kutafuta kitu.

Akaweka ungo chini, akasema, "Na mimi? Nani taweka mimi, na taweka wapi?"

Nikamwambia achambue karanga zake. Miguu yake imevimba tena.

Ijumaa, 7 Mei

Baada ya swala nimemvizia mzee mmoja wa msikiti, nikamuuliza habari ya Kiden. Jibu nililijua kabla sijafungua mdomo. Makaburi ni ya Waislamu. Akisilimu, karibu sana.

Nimemfikishia Kiden. Amecheka mpaka akakohoa. "Mimi nabatizwa mara moja, Mama Zuhura. Ile maji inatosha."

Kanisa lake hapa ni kibanda cha nyasi cha wakimbizi wenzake, halina kiwanja cha kuzikia. Wasio na mwenyewe wanazikwa na serikali kule Arua. Ameniambia leo kwamba mtu mmoja wa kwao alizikwa hivyo. Kiden alilifuata gari la maiti kwa miguu kutoka hospitali, akaona mahali. Aliporudi baadaye na maua, vichuguu vya makaburi vilikuwa vingi na hakujua kipi ni cha nani. Alimwomba Mungu katikati yake, akarudi nyumbani.

Kifo hakimtishi. Kinachomtisha ni kile kichuguu kisicho na jina. Nimemwelewa, na nimekasirika kwa niaba yake. Sijui nimemkasirikia nani.

Jumamosi, 15 Mei

Tumekwenda Dranya, mimi na Kiden, nyuma ya pikapu ya mnunuzi wa karanga. Kwa Mzee Wani. Mkewe, Mama Modi, ndiye humuuzia Kiden karanga miaka yote hii. Ni Wakakwa, lugha yao na ya Kiden zinaelewana, kwa hiyo walizungumza na mimi nikakaa kama mzigo. Nilichukua sukari na kitenge kipya. Nilidhani tutanunua kipande cha ardhi cha kaburi lake tufike nyumbani kabla ya alasiri.

Mzee Wani akapokea sukari. Kitenge akakirudisha. Akahamia Kiswahili ili na mimi nisikie. "Shamba mimi nakopesha. Kaburi hapana. Shamba inarudi kwa mwenyewe, kaburi hairudi."

Kumbe kwao ardhi yenye kaburi la mtu ni ya mtu huyo, yeye na watu wake, milele. Ukiuza hatua chache za kaburi umeuza boma. Nilibishana. Kule Arua tunatengewa nafasi na hakuna anayelia. Akanitazama kama mtoto anayeuliza kwa nini maji ni maji.

Mama Modi ndiye aliyetuokoa. Akasema kuna kibanda cha jiko hakina mtu. Kiden aje akae, apike, watu wamzoee. Mtu huzikwa alipopika. Mzee akanyamaza. Mkewe akasema huko ndiko kukubali kwake.

Alhamisi, 27 Mei

Kiden amehamia Dranya. Jiwe lake la kusagia limebebwa na baiskeli ya kukodi, maana vijana wa mtaa wote wamekwenda jeshini na hakuna wa kumwita. Mwenye baiskeli alilalamika njia nzima, hivyo nimesikia.

Chumba ni kitupu. Nimekifagia mara mbili. Sitaki mpangaji mwingine kwa sasa. Asubuhi nilizoea kusikia lile jiwe kabla ya adhana, na nililisema vibaya kila siku. Leo nimeamka kwa adhana peke yake, nikaichukia nyumba yangu.

Jumapili, 6 Juni

Nimetoka Dranya. Siku njema kabisa. Kiden amenenepa uso. Ana meko yake, ana sufuria mbili, na kajukuu ka Mzee Wani, Jokudu, kanamfuata kila mahali kakiomba karanga. Mzee bado hasemi neno la ardhi. Kiden anaona haya kumuuliza.

Basi mimi sina haya. Nimezunguka boma, nikapata mahali pazuri nyuma ya ghala la mtama. Pameinuka, maji hayasimami. Nikapima kwa khanga yangu, nikachonga vigingi vinne, nikavigongomea kila pembe kwa jiwe, kama tulivyofanya Arua. Nikawaita waone. Nikasema, hapa ni pa dada yangu Kiden, asije mtu akajenga banda la mbuzi.

Hakuna aliyesema kitu. Mama Modi akaingia jikoni. Wameguswa, nadhani. Nimerudi Koboko nikiwa na moyo mwepesi.

Ijumaa, 11 Juni

Mwanamke wa sokoni ameniletea habari. Jokudu mgonjwa. Homa kali, hatambui watu. Boma zima linasema ni vigingi vyangu. Nimepima kaburi la mtu aliye hai ndani ya nyumba ya watu, na sasa ardhi imefungua mdomo inamtafuta wa kumeza. Imemkosa Kiden, imemshika mtoto.

Wanataka Kiden aondoke. Hapewi tena kuni. Anakaa mlangoni pa kibanda chake na jiwe lake.

Mimi ndiye mjinga. Siku ile hawakuguswa, waliogopa. Mtu mzima, nimezunguka kambi zote za jeshi na mume wangu, nikaenda kugongomea vijiti mbele ya watu bila kuuliza. Nina aibu.

Jumamosi, 12 Juni

Alfajiri nilikwenda zahanati, nikaomba vidonge vya malaria vya mtoto. Nikapanda gari la kwanza.

Jokudu alikuwa mapajani mwa bibi yake, kadogo kuliko nilivyokumbuka. Nilimpa Mama Modi vidonge, nikamweleza. Alivipokea. Mzee Wani hakunisalimia. Alinipeleka nyuma ya ghala, na boma lote likafuata, na Kiden nyuma kabisa.

"Wewe umepima kifo kwa nyumba yangu," akasema. "Sasa toa. Na mukono yako."

Niling'oa vigingi vyote vinne. Kimoja kilikataa, nikakitikisa mpaka nikaanguka kwa matako. Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke. Kisha akanipa jembe. Akasema nilime pale pale nilipopima, nipande muhogo. Muhogo ukikomaa utapikwa, na kila mtu wa boma atakula, na mimi nitakula, na Kiden atakula. Ndipo ardhi itakuwa ardhi tena, na ndipo yeye atazungumza habari ya Kiden. Kabla ya hapo hakuna. Kiden akifa kabla, atabebwa arudishwe Koboko.

Nikamwambia muhogo unachukua mwaka mzima, na huyu mama ana moyo mbovu, miguu yake aione.

"Basi akae mwaka," akasema.

Nimelima. Mimi, mwenye hina mikononi. Mama Modi alikuja kunichagulia vipande vya miti ya muhogo, maana ningeachiwa mwenyewe ningepanda ule mchungu nikaua watu kweli. Kiden alikaa kando, akininyooshea kidole pale nilipoacha gugu.

Jumanne, 15 Juni

Mikono imejaa malengelenge. Siwezi kusuka ukili.

Habari kutoka Dranya: homa ya Jokudu imeshuka, anakula. Wanashukuru kung'olewa kwa vigingi. Vidonge hakuna anayevitaja. Sawa. Mtoto yu hai, washukuru wanachotaka. Na Kiden amepewa kuni.

Jumatano, 18 Agosti. Arua

Nimemleta Kiden hospitali. Pumzi ilikuwa inamkatika, halali ila ameketi. Daktari amesema moyo umechoka na maji yamejaa mwilini. Amepewa vidonge, amekatazwa chumvi. Kiden ameuliza kama atafika mwakani. Daktari alikuwa kijana mstaarabu, akasema ajitahidi. Kiden akamweleza habari ya muhogo, mwanzo mpaka mwisho, wagonjwa wengine kwenye foleni wakisikiliza. Mmoja akauliza mvua ya Dranya ikoje mwaka huu.

Jioni nilipita makaburini kwa mume wangu. Nikamwombea dua. Nafasi yangu ipo, majani yameota juu yake. Zamani nikiitazama nilikuwa natulia. Leo niliona majani tu. Mimi hakuna hata mmoja anayeniambia nisife bado.

Ijumaa, 5 Novemba. Koboko

Ramadhani. Jana nilikuwa Dranya kupalilia, nimefunga, koo kavu. Muhogo umefika kiunoni. Kiden ananipigia kelele kutoka kivulini: usiiname hivyo, utazirai, nani atakubeba mwili mzito hivyo.

Mama Modi amenisimulia kisa cha wiki iliyopita. Mbuzi waliingia wakaanza kula majani ya muhogo. Hakukuwa na mtu karibu ila Kiden. Mgonjwa wa moyo, aliyekatazwa kubeba hata ndoo, akaokota mchi akawafukuza mbuzi mpaka kisimani. Mzee Wani alimkuta kule ameketi chini, hana pumzi, mchi mapajani. Akamsindikiza kurudi polepole. Tangu siku hiyo kuna uzio wa miiba. Mzee ameuweka mwenyewe, hajaambiwa.

Wakati wa futari walinipa uji kabla ya wao kula. Wakristo wale. Bado nina furaha leo.

Jumapili, 23 Januari 1972. Dranya

Nimeitwa haraka. Vumbi, upepo wa kiangazi, na Kiden ameshikwa tena. Watu wa kanisa walikuwa wamekwisha kuja, wanaimba mlangoni. Uso wake umekuwa wa majivu. Vidonge vilikwisha na hakutaka kunisumbua. Nilimgombeza palepale mbele ya wimbo. Vidonge vipya nilikuja navyo.

Nilimshika mkono. Nikamwambia, "Dada yangu, usife, muhogo haujakomaa."

Alifumbua macho. "Bado ngapi?"

"Miezi mitano, mpaka katikati ya mvua."

"Mingi," akasema. Halafu akacheka kidogo, na waimbaji wakanyamaza kwa sababu mtu anayekufa hacheki.

Naogopa. Nimeandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Siogopi kwamba atakosa ardhi. Naogopa kuwa nitabaki mimi.

Alhamisi, 27 Januari

Amekojoa sana. Uvimbe umepungua. Ameomba uji. Narudi Koboko kesho.

Jumamosi, 4 Machi. Koboko

Redio ya jirani: Khartoum na wapiganaji wa kusini wamepatana. Vita vimekwisha. Wakimbizi sokoni wanaimba, wanakumbatiana, wengine wamekaa chini tu. Mwuza samaki mmoja alikuwa anafunga vyombo vyake leo leo, kana kwamba lori liko nje linamngoja.

Furaha kwao. Kweli. Lakini nilipomaliza kufurahi nilifikiri: sasa Kiden atakwenda kwao.

Jumatatu, 17 Aprili. Dranya

Mtoto wa kaka yake Kiden amekuja kumtafuta. Mtu mzima, mpole, amekonda. Anaandikisha watu wa kwao wanaorudi. Amesema kijiji kimekuwa msitu, nyumba hakuna hata moja, lakini watajenga, na shangazi akitaka, kuna nafasi kwenye lori.

Mzee Wani akasema maneno ambayo mimi pia nilikuwa nayaogopa moyoni. Kama ana kwao, akazikwe kwao. Hiyo ndiyo haki. Yeye hatamlaumu, na muhogo watakula wenyewe. Hakuyasema kwa ubaya. Alisema akitazama pembeni.

Kila mtu akamgeukia Kiden. Nilijifanya nafunga kiatu. Namtakia nini huyu mwanamke? Nyumba yake. Ardhi yake, watu wake, lugha yake barabarani. Na papo hapo namtakia akatae. Ni ubinafsi, najua.

Kiden alifikiri mpaka maji ya chai yakachemka yakamwagika. Akamwambia yule mtoto wa kaka yake, kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, "Lori ikuje baadaye. Muhogo yangu iko chini."

Hakusema atabaki. Amesema baadaye. Nimerudi na hilo neno moja, naligeuza huku na huku.

Jumamosi, 24 Juni. Dranya

Leo tumeung'oa. Nilishika shina la kwanza mwenyewe. Mizizi minono, myeupe ndani, hakuna iliyooza. Mama Modi akachemsha sufuria kubwa mbili. Kiden akasaga karanga asubuhi nzima, ingawa amekatazwa, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya jiwe.

Walikula wote. Mzee Wani alitazama kila mdomo. Jokudu alikula akaomba tena, amerefuka sana, ananikanyaga miguu. Mimi nilikula. Kiden alikula wa mwisho. Alitafuna taratibu, bila chumvi.

Mzee akavuta ugoro wake, akaenda nyuma ya ghala, sote nyuma yake. Udongo ulikuwa umegeuzwa, umelegea. Akaukanyaga kwa kisigino. "Hii ni ya Kiden. Siku yake ikifika, watoto yangu tachimba. Tajua jina yake." Kisha akanitazama mimi. "Na leo hapana pima."

Hapo watu wakacheka, mwaka mzima baadaye. Kiden alilia. Nililia na mimi, na sioni haya. Mama Modi alimshika mkono akamketisha chini kwenye mkeka wa wanawake wa boma, na mimi nikawekewa kigoda cha wageni. Ndivyo inavyopaswa.

Lori linapita wiki ijayo. Sikumuuliza. Nalala hapa leo.

Jumapili, 25 Juni

Nilipoamka mkeka wake ulikuwa mtupu. Nilimkuta nyuma ya ghala, ameketi juu ya gogo na panga, anakata miti ya muhogo ya jana vipande vipande.

Nikamwambia aache, hapo sasa ni pake, pamesafishwa, paachwe vivyo hivyo. Akasema ardhi haikai bure mwaka mzima. Nikamuuliza habari ya lori. Akasema, "Lori iende."

Nilichukua jembe. Alinipa vipande kimoja kimoja, akinionyesha upande wa kwenda juu, kama sijui. Jua lilipopanda tulikuwa tumemaliza. Niliitazama mistari. Hakuacha nafasi hata ya mtu kulala.